Gulwe: reli mpya juu ya tuta lisilotulia

Kati ya Kilosa na Gulwe, wilayani Mpwapwa, Reli ya Kati hufuata bonde la mto Mkondoa, kisha la Kinyasungwe. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Bonde liliwapa mteremko mpole ambao injini za mvuke ziliumudu, na tangu hapo njia imekuwa jirani wa mto.

Reli iliyoungwa kwa vipande, kama hii, huanza kuchakaa kwenye maungio. Gurudumu likivuka mwanya kati ya vipande viwili, hugonga ncha ya reli. Bolti hulegea, mabamba ya kuungia hulika, kokoto za chini husagika kuwa unga. Mvua ikinyesha unga huwa tope, taruma huanza kucheza, na treni inayofuata hugonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mafundi wa njia hutembea kwa miguu wakikagua na kukaza. Taruma lililopasuka huchomolewa, jingine huingizwa, kokoto hushindiliwa, kisha upana kati ya reli mbili hupimwa upya: milimita 1,000.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi uliogusa kilomita 970, kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Reli nyepesi za ratili 56 kwa yadi zilipangwa kubadilishwa kwa zile za ratili 80, yaani kutoka takriban kilo 28 hadi kilo 40 kwa mita. Huo ni uboreshaji wa kweli: reli nzito hupinda kidogo chini ya mzigo, na maungio hupata nafuu.

Lakini chuma si ugonjwa pekee wa Gulwe.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Wataalamu wa JICA, shirika la misaada la Japani, walikuja baadaye kuchunguza bonde hilo. Kiini cha tatizo ni mchanga. Vijito vinavyoshuka kutoka milima iliyopoteza miti huumwaga kwenye mto, kitanda cha mto huinuka, nafasi chini ya madaraja hupungua, na maji hutafuta njia kupitia kwenye tuta.

Mwenye mlango wa gereji unaopanda kwenye reli zake anaujua mchezo huu: akiweka magurudumu mapya huku reli imepinda, yatalika tena upesi. Hapa tuta ndilo lililopinda. Fedha za kubadilisha vipuri zinastahili kwenda sambamba na fedha za kingo za mawe, makalavati mapana na upandaji miti kwenye miteremko ya juu, tena kwa bajeti ya kila mwaka badala ya kusubiri msaada baada ya maafa. Mvua za mkoa wa Dodoma, ilipo Gulwe, huanza karibu na Desemba; mchanga kwenye makalavati unapaswa kuzolewa wakati wa kiangazi, mto ukiwa mkavu na koleo likifika chini.