Tuzo na Matunzo

Methali yasema, "Mcheza kwao hutunzwa." Wengine huitamka kwa namna nyingine kidogo, wakasema, "Mcheza kwao hutuzwa." Wanafunzi wengi huzichukua kauli hizi mbili kuwa kitu kimoja, nao huzieleza upesi: mtu akicheza ngoma nyumbani kwao, watu wake humpa zawadi. Maelezo hayo si makosa, lakini ni nusu ya maana. Kutuza ni kumpa mchezaji zawadi papo hapo uwanjani kwa kuwa amependeza. Kutunza kwaweza kuwa na maana hiyohiyo, lakini kuna maana ya pili iliyo pana zaidi: kukihifadhi kitu kisiharibike, kama mtu atunzavyo ng'ombe, shamba au mtoto. Katika maana ya kwanza twapata tuzo. Katika ya pili twapata matunzo. Tuzo ni tunda la furaha ya saa moja. Matunzo ni tunda la busara ya mwaka mzima.

Katika insha hii nataka kuipima kwa mizani ya maneno hayo mawili desturi yetu ya kuyachangia fedha makundi ya ngoma. Mahali nitakapopimia ni Meru na Embu, kwa sababu ndipo ninapopajua, na kwa sababu watu wa huko wamepewa utajiri wa ngoma ambao hawajauwekea ghala.

Msafiri atokaye mji wa Embu kwenda Meru hupita upande wa mashariki wa Mlima Kenya, akavuka mto Thuci, kisha akafika Chuka. Nchi hiyo ilihesabiwa katika wilaya ya Meru mpaka 1992, na tangu 2013 imo katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Jina lake limefika mbali kwa ajili ya ngoma. Ngoma ya Kichuka ni ndefu, imechongwa katika gogo na kuwambwa ngozi. Mpigaji haiweki chini akaketi mbele yake. Huibana kati ya mapaja ikiwa imeelekea mbele, akaipiga kwa mikono huku mabega na kichwa chake vikicheza. Basi mpigaji ndiye mchezaji, wala huwezi kumtenga mmoja na mwenziwe. Na Waembu nao walisifiwa kwa wachezaji wao wa mirongonjo, waliocheza juu ya miguu ya miti, warefu kuliko milango ya nyumba zao.

Tazama ni kazi ngapi zimo katika jambo hilo moja. Yuko mchonga gogo, yuko mwamba ngozi, yuko mwenye kutunga wimbo, yuko mwenye kuuongoza, na wako wenye kucheza. Siku hizi wasomi hulisifu kundi linalochanganya sanaa nyingi na kuwahudumia jirani zake, kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Wazee wetu walikuwa nalo. Kilichopungua si wazo, bali ni riziki ya kuliweka hai.

Jambo hili lilinijia kwa aibu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, sisi wanafunzi tulialikwa kusaidia siku ya harambee ya shule moja ya msingi. Mnajua kwamba Harambee ni neno ambalo Jomo Kenyatta aliwaitia Wakenya mwaka 1963 ili wajenge nchi kwa mikono yao wenyewe, na kwamba shule nyingi zilisimama kwa fedha za namna hiyo. Siku ile wapiga ngoma walifika kabla ya watu wote, wamezibeba ngoma zao mabegani. Walipoanza kupiga, watu walitoka mashambani na sokoni, uwanja ukajaa. Wageni walipowasili walipokewa kwa ngoma. Na kila mchango mkubwa ulipotangazwa ulisindikizwa kwa ngoma. Jioni fedha zilihesabiwa kwa sauti, nasi tukapiga makofi. Wapiga ngoma wakapewa soda na mkate. Mzee aliyewaongoza alinionyesha ngozi ya ngoma yake, iliyokuwa imepasuka ukingoni, akaniambia, "Mwalimu, ngozi hii imechoka kuliko mimi." Nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Mwaka uliofuata shule ilitaka harambee nyingine, nami nikatumwa kuwaita. Sikuwapata. Ngozi ilikuwa imekwisha pasuka kabisa, na vijana wa kundi walikuwa wamekwenda kuendesha pikipiki za abiria, kwa kuwa kazi hiyo huwapa chakula kila siku. Basi tulikodi vipaza sauti kutoka mjini, tukalipa kodi yake siku ileile bila kunung'unika.

Msomaji kijana, hapo ndipo penye kosa letu. Hatukuwa wachoyo, maana tuliwapenda wale wazee na tuliwapa tulichokuwa nacho mkononi. Kosa letu lilikuwa katika hesabu. Tulihesabu mawe, saruji na mabati, tukahesabu hata kodi ya kipaza sauti, lakini ngoma hatukuihesabu. Tuliidhani kuwa kama mvua, kitu kinachonyesha chenyewe. Ngoma iliyotuchangishia haikuchangiwa.

Fedha za ngoma zaweza kutoka katika milango mingi, na kila mlango una sharti lake. Mlango wa kwanza ni mtu mkubwa anayetaka kusifiwa. Yeye hutoa fedha nyingi kwa mkupuo, lakini wimbo hugeuka ukawa wa jina lake. Na akishindwa katika uchaguzi, kundi hubaki na sare zenye rangi za mtu ambaye hakuna amtakaye. Mlango wa pili ni mtalii. Serikali ilipoanzisha Bomas of Kenya mwaka 1971, karibu na Nairobi, ilifanya jambo jema la kuzikusanya ngoma za makabila mengi mahali pamoja, na wachezaji wakapata mshahara. Hata hivyo, ngoma inayochezwa kwa mgeni asiyejua lugha haina budi kufupishwa, na sehemu inayokatwa mara nyingi ni ile ya maneno yaliyowaonya na kuwafunza wenyeji. Mlango wa tatu ni mashindano ya shule. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewafundisha watoto wengi ngoma za majirani zao. Lakini mara nyingi mashindano yakiisha, sare hufungiwa kabatini, na fundi aliyewafundisha watoto hurudi kwake kungoja mwaka mwingine.

Siilaumu milango hiyo. Nasema tu kwamba kila mmoja hutoa tuzo, na hakuna hata mmoja unaotoa matunzo.

Kuna mlango wa nne, nao ni msaada kutoka ng'ambo. Ili tuupime kwa haki, tutazame mfano mwema. Faustin Linyekula, mchezaji wa Kongo, aliishi Nairobi, na mwaka 1997 alishirikiana na Opiyo Okach kuanzisha kundi la Gàara. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako huko Kinshasa, kisha akalihamishia Kisangani. Kundi hilo huchanganya ngoma, maigizo, muziki na picha za sinema. Halikuishia hapo. Katika mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto, liliiunganisha kazi ya sanaa na jitihada za kuwapatia wakazi maji safi. Linyekula alipata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka 2007, na kazi yao ya Kisangani ikapata tuzo ya Curry Stone ya Marekani mwaka 2014.

Mfano huo wafundisha nini? Wafundisha kwamba mgeni humpa yule ambaye tayari amesimama kwao. Tuzo zile hazikuwaleta wachezaji Kisangani, ziliwakuta huko. Lakini tusisahau kwamba tuzo ya ng'ambo, hata ikiwa kubwa namna gani, ni tuzo vilevile: hutolewa, ikaandikwa, ikaisha. Kundi lisilo na mizizi likipewa fedha hizo hujenga nyumba ya mwaka mmoja.

Basi matunzo yatatoka wapi? Historia ya Afrika Mashariki inalo jibu. Katika pwani yetu, tangu miaka ya 1890, vijana walianzisha ngoma ya beni kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ngoma hiyo ilienea mpaka bara, na vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vikawa na matawi katika miji mingi. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka 1975. Watu wa beni walitoa michango yao wenyewe, na vyama vyao viliwafaa wanachama katika ugonjwa na mazishi. Mtu aliyetoa senti zake kwa chama cha ngoma alijua kwamba chama nacho kitamtunza. Lakini beni ilikuwa na dosari yake. Washindani walifanya karamu kubwa ili kuwaaibisha wenzao, na mali ikateketea kwa kujionyesha. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Yafaa tuchukue la kwanza na tuliache la pili. Wala watu wa Meru na Embu hawahitaji kufundishwa kuchanga. Katika miaka ya 1930 walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya walioruhusiwa kupanda kahawa, na baadaye wakaunda vyama vya ushirika. Kila mkulima hupeleka mzigo wake kiwandani, nacho chama hukata sehemu ndogo kwa ajili ya kazi ya wote. Kama nyumba 100 zikitoa shilingi 20 kila mwezi, kundi la ngoma la kata lingepata shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazimtajirishi mtu, lakini zanunua ngozi kabla ile ya zamani haijapasuka, na zamlipa mzee nauli ya kuja kuwafundisha vijana. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu atasema, "Watu wana njaa, na karo haijalipwa, ngoma ni anasa." Namheshimu asemaye hivyo, kwa maana mzazi mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani hawezi kuulizwa habari za ngozi. Lakini namkumbusha kwamba karo hiyohiyo tuliikusanya kwa mlio wa ngoma. Mwingine atasema, "Fedha zitaliwa na mweka hazina." Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni ya kale: mali bila daftari huisha bila habari. Kundi na liwe na daftari lisomwalo hadharani kila baada ya miezi 3, na mweka hazina asiwe ndugu wa kiongozi. Tena kundi na liwe na bei yake, ili anayeliita kwenye sherehe alipe kama alipavyo hema na viti. Bei si kiburi. Kitu kisicho na bei husifiwa na wote, wala hakinunuliwi na mtu.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi mtakuwa walimu, wakulima, madaktari na wajumbe wa kamati. Siku moja mtaketi mezani na karatasi ya matumizi ya sherehe mbele yenu. Mkisha kuandika hema, viti, chakula na kipaza sauti, ongezeni mstari mmoja wa ngoma, na mbele yake mwandike kiasi cha fedha, kama mlivyoandika mbele ya viti. Mzee wangu wa Chuka hakuomba zaidi ya hayo. Aliniambia kwa upole kwamba ngozi imechoka, nami nikacheka. Sasa najua kwamba alikuwa akinisomea daftari.