Salamu Isiyotolewa: Historia na Burudani katika Filamu za Vita

Mjadala kuhusu filamu za vita aghalabu huwagawa watazamaji katika makundi mawili. Kundi la kwanza huhesabu makosa: bunduki hii haikuwa imeundwa wakati ule, sare ile ni ya kikosi kingine. Kundi la pili hujibu kwamba sinema ni burudani, na kwamba atakaye historia na aende maktaba. Makundi yote mawili yanakosea kwa namna moja, kwani yanauchukulia ukweli wa kihistoria kuwa ni jumla ya vijambo vidogo vidogo. Mhakiki hana budi kuuliza swali jingine: je, kile alichokibuni msanii kinamsaidia mtazamaji kukijua chanzo cha vita, au kinakificha? Filamu mbili za miaka ya 1960, zote kuhusu vita vya kikoloni barani Afrika, zatosha kulifafanua swali hili.

Filamu ya Zulu, iliyoongozwa na Cy Endfield na kutolewa mwaka 1964, inasimulia mapigano ya Rorke's Drift ya tarehe 22 na 23 Januari 1879, ambapo askari wa Kiingereza wapatao 150 walikizuia kikosi cha Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Kwa upande wa fani ni kazi ya ustadi. Mshindo wa ngao husikika kabla ya mpiganaji hata mmoja kuonekana, na hofu ya askari humwingia mtazamaji. Tena yafaa kukiri kwamba Wazulu hawakuchorwa kama washenzi wasio na akili. Wana nidhamu, mbinu na ushujaa. Nafasi ya mfalme Cetshwayo iliigizwa na Mangosuthu Buthelezi, ambaye kwa upande wa mama alikuwa wa ukoo wa mfalme huyo.

Makosa madogo yamo. Henry Hook, aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross, anaonyeshwa kama mlevi na mvivu, hali alikuwa askari mwenye sifa njema. Kikosi kinaimba wimbo wa Wales, ingawa jina la Wales lilitiwa katika jina la kikosi hicho mwaka 1881, miaka miwili baada ya mapigano. Kosa la Hook ni dhuluma kwa mtu mmoja, na la wimbo ni pambo tu. Mtazamaji asiyeyajua hayo hapotoki sana kuhusu vita vyenyewe.

Upotovu mkubwa umo mwanzoni na mwishoni. Filamu inafunguliwa kwa taarifa ya maafa ya Isandlwana, ambako Waingereza na wasaidizi wao zaidi ya 1,300 waliuawa. Hivyo kwa mtazamaji historia inaanza na maiti za Waingereza. Hasikii kwamba tarehe 11 Desemba 1878 mjumbe mkuu wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alimtaka Cetshwayo auvunje mfumo mzima wa jeshi lake, sharti ambalo mfalme yeyote huru asingeweza kulikubali. Wala hasikii kwamba mwezi mmoja baadaye jeshi la Kiingereza liliivamia nchi ya Wazulu kwa kuvuka mto palepale Rorke's Drift. Kituo ambacho filamu inakionyesha kama ngome ya wanyonge kilikuwa mlango wa uvamizi.

Kisha unakuja mwisho. Wazulu wanatokea tena mlimani, wanawaimbia maadui zao kwa heshima, wanaondoka. Salamu hiyo haikutolewa. Kilichotokea ni kwamba Wazulu walijitenga, msafara wa Lord Chelmsford ukafika, na majeruhi wa Kizulu waliobaki uwanjani wakauawa. Ubunifu huu si pambo. Unamtwika aliyevamiwa kazi ya kumtakasa mvamizi, na unaifuta damu ya majeruhi kwa wimbo. Mtazamaji anatoka akiwa ameburudika na kuridhika, na kuridhika huko ndiko kunakopaswa kuhakikiwa.

Mfano wa pili ni filamu ya Gillo Pontecorvo kuhusu mapambano ya Algiers, iliyotolewa mwaka 1966. Nayo imebuni mengi. Kanali Mathieu hakuwahi kuishi. Ni mhusika aliyeundwa kutokana na maafisa kadhaa wa Kifaransa. Sura ya picha za habari ni ujanja wa kisanaa. Haikosi upungufu pia: uhasama kati ya FLN na chama cha MNA hauonekani. Hata hivyo ubunifu wake unaelekea kwenye chanzo, haukikimbii. Mateso wanayotesewa wafungwa yanaonyeshwa waziwazi. Vilevile mtoto anayelamba aiskrimu katika mkahawa ambamo bomu limetegwa. Hakuna anayemtakasa mwenzake. Wala burudani haikupungua: wasiwasi wa wanawake wanaovuka vizuizi na vikapu vyao unamkaza mtazamaji kuliko milio mingi ya bunduki.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili hawaoni ugeni katika hoja hii. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alitahadharisha kwamba mhusika wake si Kinjeketile yule wa historia. Lakini hakuificha dhuluma ya Wajerumani iliyozaa Vita vya Maji Maji. Uhuru wa msanii ni wa kubuni watu, maneno na matukio. Haumpi ruhusa ya kubadili nani alimvamia nani.

Kwa hiyo mwalimu anayezitumia filamu hizi darasani asitosheke na kuwaorodheshea wanafunzi makosa ya sare na silaha. Awaulize vita vilianza lini kwa mujibu wa filamu, na vilianza lini kwa mujibu wa historia. Pengo lililopo kati ya tarehe hizo mbili, na yule anayenufaika nalo, ndiyo maudhui ambayo filamu haikuyatamka.