Pedi Nzima, Breki Mbovu

Pedi ya nje ya gurudumu la mbele kushoto ilikuwa na unene wa milimita 7. Ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni, ilikuwa imebakiza 2. Upande wa kulia zilikuwa 7 kwa 7. Gari ni Corolla ya mwaka 2010, na mwenyewe ni jirani wetu hapa Regent Park, Toronto, mtu wa Bukavu, anayelitumia kwenda kazini na kumpeleka mama yake kliniki. Hakuwa akilalamika kwamba breki hazishiki. Alikuwa akilalamika kwamba rimu ya kushoto inatoka moto hata baada ya safari fupi, na kwamba mafuta yanaisha mapema kuliko zamani.

Gereji moja ilimwambia pedi zimeisha, aweke mpya. Si uongo, lakini ni nusu ya jibu. Pedi zinazoisha kwa kukanyagwa huisha kwa kukaribiana, ya ndani na ya nje, kulia na kushoto. Vipimo vile vinne vilisema jambo jingine: kalipa ya kushoto ilikuwa imekwama.

Kalipa ya mbele ya Corolla ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani hadi kwenye diski, kisha kalipa yenyewe inateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane upande wa pili. Pini zikishika kutu, huko kuteleza hakupo tena. Pedi ya ndani inabaki kufanya kazi ya pedi mbili, na ukiachia mguu hairudi nyuma vizuri. Inaendelea kusugua diski njia nzima. Moto wa rimu ulitoka hapo, na mafuta yalikuwa yakipotelea hapo.

Kilichozikwamisha ni chumvi. Theluji ikianguka, malori ya jiji humwaga chumvi Dundas, Gerrard, Parliament na kila barabara inayopitika. Ontario haina uhaba wake: mgodi wa Goderich, chini ya Ziwa Huron, ndio mgodi mkubwa kuliko yote duniani wa chumvi ya chini ya ardhi. Theluji inayeyuka, inageuka maji ya chumvi, na tairi zinayarusha hadi kwenye kila upenyo wa chini ya gari. Mtu wa Mombasa au Tanga anaijua chumvi inavyokula mabati ya nyumba za ufukweni. Ile ya kule huletwa na upepo tu. Hii ya huku unaiendesha juu yake miezi minne.

Mtaa wenyewe nao umeongeza lake. Regent Park ya kwanza, iliyoanza kujengwa 1948 kama makazi ya serikali, ilikuwa ya magorofa yaliyozungukwa na nyasi, na magari yakilala nje. Tangu 2005 mtaa umekuwa ukibomolewa na kujengwa upya kwa awamu, na majengo mapya yana maegesho chini ya ardhi. Kila mwenye gari alishukuru: hukwangui barafu kioo saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kutu inakwenda kwa joto. Gari lililolala nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri limegandishwa pamoja na uchafu wake, na kutu inatambaa polepole mno. Lililoteremshwa chini, ambako hakugandi, linashinda usiku kucha likidondosha maji ya chumvi yaliyo hai, na asubuhi linatoka kwenda kuongezewa mengine. Simwambii mtu alaze gari nje. Ila anayelaza chini anapaswa kuliosha tumboni mara nyingi zaidi kuliko mwenzake, na wengi wetu tunaosha boneti na milango tu, sehemu zinazoonwa na majirani.

Kazi ilifanyika Scarborough, kwenye uwanja wa nyumba ya shemeji wa jirani yetu, maana sheria za jengo haziruhusu kuinua gari kwenye maegesho. Nati za gurudumu zilegezwe gari likiwa bado limekaa chini, kwa spana ya 21. Kisha jeki, kisha stendi. Jeki peke yake si ya kuingilia chini yake, hata kwa dakika moja. Bolti mbili za kalipa ni za 14. Ya chini ilitoka kwa upole. Ya juu ilitoka pamoja na pini yake, baada ya mafuta ya kulegeza kutu na subira, na ilikuwa ya rangi ya chai kavu, grisi yote imegeuka unga. Kalipa ikishatoka haiachwi ikaning'inia kwa bomba lake la mpira. Ilifungwa kwa waya kwenye springi ya shoku.

Hapa ndipo kazi ya Toronto inapoachana na kazi ya Nairobi au Dar es Salaam. Fundi aliyejifunzia kwenye magari yanayoteremka Kitonga au Mai Mahiu, anayenunua spea Kirinyaga Road au Kariakoo, akifungua breki anatafuta unene wa pedi na michirizi ya diski, kwa sababu kule breki huuawa na mteremko na vumbi. Akiona pedi imebaki anafunga. Huku ilibidi breketi ya kalipa nayo itoke, bolti mbili za 17, ndipo tukaona mambo. Pedi hukaa kwenye vibati vyembamba visivyoshika kutu, vilivyochomekwa juu ya breketi ya chuma. Kutu ilikuwa imeota chini ya vibati, ikavimba na kuviinua, nafasi ya pedi ikapungua. Pedi ya nje ilikuwa imebanwa kiasi kwamba ilitolewa kwa nyundo. Mtu angeweza kubadilisha pini zote mbili, akapaka grisi vizuri, na rimu ingeendelea kuwaka.

Basi muda mwingi ulikwenda kwenye brashi ya waya na tupa, kung'arisha vile vitako vya breketi mpaka chuma cheupe, halafu vibati vipya, ambavyo mara nyingi huja ndani ya boksi la pedi na watu huvitupa. Pedi mpya ziingie na kutoka kwa kidole. Zikihitaji nyundo kuingia, rudi kwenye tupa.

Grisi nayo si grisi yoyote. Ile ya kawaida, inayotokana na mafuta ghafi, huvimbisha mipira ya pini, na pini inakwama upya kabla majira hayajapita. Inatakiwa ya silikoni, iliyoandikwa kwamba ni ya breki. Pini mbili za kalipa moja pia zinaweza zisifanane, moja ikawa na mpira mdogo kwenye ncha. Kila moja irudi tundu lake.

Pistoni ilirudishwa ndani kwa kibano, pedi kuukuu ikiwekwa katikati isijeruhiwe. Iliingia laini, na mpira wake wa vumbi haukuwa umechanika. Ingegoma, au ingekuwa imelowa mafuta ya breki, kazi ingeishia hapo na gari lingekwenda kwa fundi, kwa sababu hiyo si kazi ya uwanjani. Wakati wa kuisukuma, angalia chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti: yanapanda, na yakimwagika yanakula rangi. Ya gari hili yalikuwa meusi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205, lakini ikishanywa maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Nayo yaliandikwa kwenye orodha ya kubadilishwa.

Nati zilikazwa kwa msalaba, niutoni-mita 103, kisha breki ikapampiwa kwa mguu mpaka ikawa ngumu, kabla gari halijasogea hata hatua. Wanaosahau hili huligundua mbele ya ukuta.

Kuhusu spea: namba ya pedi za Corolla ya Dar, iliyotoka Japani na usukani kulia, haifai kutegemewa huku. Namba ya chesisi ya gari hili inaanza na 2T1, maana yake lilitengenezwa Cambridge, Ontario, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, ambako Toyota waliunda Corolla kuanzia 1988 hadi 2019. Muuza spea apewe namba hiyo. Maduka kadhaa huazimisha vifaa vizito kwa dhamana inayorudishwa. Bei ya kazi kwenye gereji za jiji ni zaidi ya dola 100 kwa saa, na kusugua breketi kunakula saa; ndiyo maana gereji yenye haraka hukubadilishia pedi na kukuaga. Wenye magari wa mji huu wamekuwa wakijinunulia spea na kujifungia wenyewe tangu zamani. Kampuni ya maduka ya Canadian Tire yenyewe ilianza 1922 pale Gerrard na Hamilton, ng'ambo tu ya mto Don ukitoka kwetu, ndugu wawili wa ukoo wa Billes walipotoa dola 1,800 kununua gereji ndogo ya tairi.

Serikali haitakukumbusha. Ontario haina ukaguzi wa kila mwaka kwa gari la mtu binafsi. Cheti cha usalama hudaiwa gari linapobadilisha mikono, na kipimo cha moshi kilifutwa 2019. Kitabu cha gari kinahesabu kilomita, na jirani huyu anatembeza chache sana, hivyo kwa kitabu hakuwa na deni lolote. Ratiba inayofaa mtaa huu ni ya tairi. Zile za baridi huwekwa hali ya hewa ikianza kushuka chini ya nyuzi 7, na tangu 2016 kampuni za bima za Ontario zinalazimika kumpunguzia ada anayeziweka, kwa hiyo magurudumu yanatoka mara mbili kwa mwaka hata iweje. Gurudumu likiwa nje, kuchomoa pini mbili, kuzifuta na kuzipaka grisi ni dakika 20 kwa upande.

Nyuma Corolla hii ina ngoma, na siku ile hazikufunguliwa; giza la Novemba lilitukuta. Breki ya mkono inapanda juu kuliko inavyotakiwa. Zitafunguliwa Aprili, tairi za baridi zikitoka, baada ya tumbo la gari kuoshwa kwa maji ya presha.