Saa ya Waltham na sehemu wanayoiruka



Kama umeshahudhuria mafunzo ya ujasiriamali popote kati ya Uvira na Kamanyola, hadithi hii unaijua, hata kama jina la kampuni linabadilika. Mtu mmoja hana kitu mfukoni, ila ana wazo. Anatumika usiku na mchana, anafaulu. Basi nyinyi vijana mnangoja nini? Kwa upande wa saa za mfukoni za Marekani, mtu huyo anaitwa Aaron Dennison, na kampuni ni ya Waltham. Mimi ni mtu wa agronomia, saa za kale si kazi yangu. Lakini namna hiyo ya kusimulia inanikera, kwa sababu wanakata sehemu yenye ingetusaidia.

Tuanze na wazo lenyewe. Zamani fundi alitengeneza kila saa kivyake, na gurudumu la saa moja halikuingia ndani ya nyingine bila kuchongwa tena. Dennison alitaka mashini zitoe piyesi zinazofanana kabisa. Sisi tunalielewa haraka: piyesi ya pikipiki iliyonunuliwa Sange inaingia kwenye pikipiki ya aina ile ile hapa Luvungi. Ila wazo hilo hakuliota usingizini. Aliliona Springfield, ndani ya kiwanda cha bunduki cha Serikali ya Marekani. Ni pesa ya Serikali iliyolipia miaka ya kujaribu na kuharibu chuma mpaka piyesi za bunduki zikaanza kubadilishana. Kwenye mafunzo, Springfield haitajwi kamwe.

Halafu wanaruka 1857. Dennison na wenzake walianza 1850 kule Roxbury, karibu na Boston, wakahamia Waltham 1854. Miaka mitatu tu baadaye kampuni ikafilisika, ikauzwa mnadani, ikachukuliwa na mfanyabiashara Royal Robbins. Wazo lilikuwepo, mashini zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Pesa ndiyo iliyoisha mbele ya kazi kukomaa. Hapa ningependa mafunzo yasimame siku nzima! Kwetu kijana anapewa mkopo wa miezi sita ili anunue mashini ya kukoboa mpunga, na tarehe ya kwanza ya kulipa inafika mbele ya mavuno. Akishindwa, wanasema hana roho ya ujasiriamali.

Na nini kiliiinua Waltham? Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865: askari walitaka saa ya bei nafuu, na kampuni ilikuwa nayo, ile ya William Ellery. Hata Lincoln alikuwa na moja. Kisha reli. Mwaka 1891, karibu na Kipton, Ohio, treni mbili ziligongana kwa sababu saa ya mfanyakazi mmoja ilisimama dakika chache, kisha ikaendelea kama hakuna kitu. Baada ya hapo makampuni ya reli yalikaza masharti ya saa za wafanyakazi wao. Soko la namna hiyo halitengenezwi na mtu mmoja mwenye bidii. Na hata bidii, nani aliifanya? Ndani ya kiwanda walikuwemo wanawake wengi, wakishughulika na piyesi ndogo ajabu. Hadithi haiwataji.

Sisemi Dennison hakuhangaika. Nasema kwamba kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama 1996 vita ilipoingia, hakikukosa mtu mwenye wazo. Miwa ilikuwepo, mafundi walikuwepo.

Wenye walisoma vizuri hadithi ya Waltham ni Waswisi. Baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, injinia Jacques David wa Longines aliandikia watengeneza saa wa kwao ripoti juu ya viwanda vya Marekani: mashini, mpangilio wa kazi, na udhaifu wa Waswisi wenyewe. Hakuwaambia waamini ndoto zao. Waswisi wakabadilika, na leo saa zao ziko duniani kote. Waltham iliacha kutengeneza saa 1957.

Kwa hiyo, wanaoandaa mafunzo mengine, tunaomba kitu kimoja: mtuletee ule mwaka 1857. Tuandike ubaoni bei ya mashini, tarehe ya mavuno na tarehe ya kulipa, tupige hesabu pamoja, kisha tuone ni nani angefilisika.