Nakala ya Soo Mbili

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi moja kila mwezi, kwenye mkahawa fulani katikati ya jiji ambako wahudumu wameshatuzoea: watu wanane, chai nne, saa tatu nzima. Kila kikao huanza na swali lile lile: unasoma nini sasa hivi? Mwezi uliopita mwenyekiti wetu akaongeza la pili. Kama ungepewa nafasi ya kuketi meza moja na mwandishi mmoja tu, aliye hai au aliyekwenda zake, ungemchagua nani?

Wawili walikuwa na vile vitabu vya tabia na pesa ambavyo ukipita Tom Mboya Street jioni utavikuta vimepangwa chini kama nyanya. Walitaka kukutana na James Clear na Robert Kiyosaki, na sina neno nao. Kodi ya nyumba haisubiri riwaya. Mmoja alikuwa katikati ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Alitaka kumuuliza Gurnah kama Kiswahili ndicho alichokuwa akikisikia kichwani wakati mkono unaandika Kiingereza. Mwingine, tangu yale maandamano ya Juni 2024, amekuwa akiirudia Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyaandika gerezani baada ya kufungwa kwa sababu ya karatasi yake ya 1968, Kenya: Twendapi? "Alikuwa na miaka ishirini na mbili," akatuambia. "Ni umri wangu huo. Nataka tu kumuuliza usiku wa kwanza mle ndani aliupitishaje." Meza ikanyamaza kidogo.

Kisha ikafika zamu yangu. Nikasema Ken Walibora.

"Wa Kidagaa?" beshte yangu mmoja akacheka. "Manze, si hiyo tulimalizana nayo shule?"

Tulimalizana nayo. Nimekaa na neno hilo wiki tatu sasa. Ni neno la mtu aliyelipa deni, au aliyepigana na jirani akaamua yaishe. Na kusema ukweli, hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoagana na fasihi ya Kiswahili. Tulioitahiniwa Kidagaa Kimemwozea tulikisoma kwa jicho la askari anayepekua mkoba langoni: hatazami mkoba, anatafuta kitu fulani. Dondoo litatoka wapi? Nani anamwambia nani? Mbinu ngapi za lugha? "Mwandishi" alikuwa kiumbe wa karatasi ya tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kutumia tashbihi ili sisi tumgundue. Hakuwa na nyumba wala deni, na mgongo haukumuuma kwa kukaa kitini. Ukimwambia mtu aliyesoma hivyo achague mwandishi wa kukutana naye, atamtaja wa mbali, kwa sababu wa karibu hakuwahi kumdhania kuwa ni mtu.

Lakini mimi nina sababu yangu ya kumtaja Walibora, na si ya kujivunia.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mama alinipa shilingi mia tano ninunue Kidagaa. Nilipita mbele ya duka la vitabu bila kuingia, nikaenda kwa jamaa aliyekuwa ametandaza vyake kwenye gunia karibu na stendi ya matatu.

"Boss, hii ni orijo?" nikamuuliza, ingawa macho yalishanijibu. Jalada lilikuwa limepauka, herufi zimejaa wino kama zilizoandikwa kwa makaa.

"Orijo kabisa. Soo mbili tu, kwa sababu ni wewe."

Mia tatu zilizobaki zilikwisha siku hiyo hiyo kwa chipsi na saiba. Nilipofika nusu ya kitabu nikagundua kurasa kadhaa zimerudiwa, na nyingine zilizopaswa kuwa mahali pale hazipo kabisa. Sikurudi kudai. Pengo nililiziba kwa mwongozo wa rafiki, nikafanya mtihani, nikapita. Mama hakujua.

Sasa kumbuka kitabu chenyewe kinahusu nini. Amani, kijana mwenye kipaji, anaandika mswada. Mswada unaibwa, na unatokea madukani ukiwa na jina la Mwalimu Majisifu, mtu anayesifiwa kote kama mwandishi mkubwa. Na kitabu hicho cha wizi, ndani ya riwaya, kinaitwa Kidagaa Kimemwozea. Yaani kile nilichokuwa nimeshika mkononi kilikuwa kitabu kinachohusu kitabu kilichoibwa, chenye jina la kitabu kilichoibwa, katika nakala iliyoibwa. Na mimi niliandika insha nzima kumlaani Majisifu.

Nilikirudia mwaka huu, safari hii nakala halali kutoka dukani, na kilichonishangaza ni jinsi riwaya hii ilivyokuwa imelifikiria swali letu la mkahawani kabla yetu. Ni riwaya ya watu wanaokutana na mwandishi. Amani anaingia Sokomoko kama mtu yeyote tu, anapata kazi ya kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na pale anajikuta karibu na mtu ambaye jina lake limekaa mahali pa jina lake. Imani yeye anakutana na mwandishi kwa mlango wa jikoni. Ameajiriwa kwa Majisifu kuwalea watoto wake, na kwa hiyo anamwona kwa namna ambavyo sisi wasomaji hatumwoni: akirudi amelewa, akiwaonea haya watoto wake wenye ulemavu, mkewe Dora akibeba nyumba peke yake. Mbele ya watu Majisifu ni bingwa wa maneno. Kwake nyumbani hata maneno ya kumtuliza mtoto hana.

Hapa ndipo ninapoona Walibora amefanya jambo kubwa kuliko miongozo yetu ilivyotuambia. Mwongozo ulituambia Majisifu ni "mlevi, mwenye majivuno, mwizi", tukakariri, alama tatu. Lakini mtazame pamoja na kaka yake. Nasaba Bora ameipata ardhi ya wengine kwa hati za uongo. Majisifu ameupata ubunifu wa mwingine kwa njia isiyo tofauti sana. Ukifungua kurasa za mwanzo za kitabu chochote chetu utakuta neno hakimiliki. Kwenye sanduku la babu, chini ya blanketi, kuna hatimiliki. Herufi moja tu ndiyo inayozitenganisha karatasi hizo mbili, na riwaya inawaweka wezi wa zote mbili katika ukoo mmoja, ndugu wa baba mmoja.

Wakenya wote tunamwelewa Nasaba Bora. Hakuna familia isiyo na hadithi ya shamba. Ukituambia mtu kaghushi hati akachukua ardhi, damu inatuchemka bila kusubiri maelezo. Lakini Majisifu? Tunamcheka. Wizi wake tunauona mdogo, wa kisomi, wa watu wa maneno. Riwaya haikubaliani nasi. Amani ameporwa mara mbili na nyumba moja, ardhi ya babu yake na mswada wake, na si rahisi kusema ni lipi kati ya hayo lililompokonya zaidi. Shamba lililoporwa bado liko pale, mtu anaweza kulionyesha kwa kidole na kusema lilikuwa letu. Mswada ukiporwa, mwenyewe akisema ni wangu, watu humtazama kama mwendawazimu. Mchunga ng'ombe, ameandika kitabu?

Si kwamba riwaya haina kasoro. Majina yake yanafanya kazi ambayo wahusika wangepaswa kuifanya wenyewe: mtu akiitwa Amani au Imani, msomaji ameshajua aelekee wapi kabla hajamsikia akizungumza. Amani mwenyewe ni mwema mno. Anastahimili mambo ambayo mtu wa kawaida angeyatolea panga, na mara nyingi nilitamani achukie kidogo, hata kwa ukurasa mmoja, ili nimwamini. Na watoto wa Majisifu, ingawa Imani anawapa utu kwa kuwalea kwa upendo, mwandishi anawatumia zaidi kupima tabia za watu wazima kuliko kutuambia wao wenyewe wanaionaje dunia. Msomaji wa leo anaona upungufu huo haraka.

Ajabu ni kwamba mhusika aliye hai kuliko wote ni yule mwizi. Majisifu ana kitu ambacho wema hawana: anajua. Anajua kitabu si chake kila mtu anapokisifu. Kila pongezi ni msumari. Nadhani ulevi wake unaanzia hapo, na nadhani ni mtu anayeandika tu, anayeijua ile hofu ya usiku kwamba pengine hana chake cha kusema, ambaye angeweza kumwandika mwizi wa maandishi kwa huruma kiasi hicho. Hilo ndilo ningependa kumuuliza Walibora. Ningeachana na tamathali. Ningemuuliza: Mwalimu, Majisifu ulimtoa wapi?

Sitamuuliza. Walibora alifariki hapa Nairobi Aprili 2020, wakati wa kafyu ya korona, miezi mitatu baada ya Euphrase Kezilahabi kufariki Tanzania. Kabla ya hapo alikuwa hapa hapa. Mtu aliyekuwa ametuandikia Siku Njema mwaka wa 1996, na baadaye tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu ndani ya jiji hili, akipita barabara tunazopita. Nilikuwa naye mji mmoja kwa miaka, na wazo la kumtafuta halikunijia hata siku moja. Mwandishi si mtu wa karatasi ya tatu? Unamtafutaje mtu wa karatasi ya tatu?

Na hata ningekutana naye, ningemletea nakala gani aitie saini? Ile ya soo mbili?

Najua utetezi wote, kwa sababu nimeutumia. Vitabu ni ghali. Mzazi ana watoto watatu na setibuku zinabadilishwa, za kaka mkubwa hazimfai mdogo. Maktaba ziko chache na ziko mbali. Yote hayo ni kweli, na sitamnyooshea kidole mzazi aliyenunua nakala ya barabarani ili mtoto asiende mtihani mikono mitupu. Lakini mimi sikuwa huyo. Mia tano nilikuwa nayo mfukoni. Na sisi wanane tunaoagiza kahawa kila Jumamosi ya kikundi si hao pia. Wenzangu wale wawili, vitabu vyao vya kufundisha utajiri vilikuwa vya gunia, herufi zimevimba vile vile. Kiyosaki na Clear watakula tu. Je, yule anayeandika riwaya ya Kiswahili usiku baada ya kusahihisha madaftari ya darasa zima?

Ndiyo maana nadhani swali la mwenyekiti wetu, zuri kama lilivyo, lina mtego. Kutamani kukutana na mwandishi hakugharimu kitu, hasa akiwa amekufa au yuko ng'ambo. Jamaa wa Sauti ya Dhiki angalau alikuwa na swali ambalo lilitoka ndani ya maisha yake. Sisi wengine tulikuwa tukichagua mtu wa kupiga naye picha. Na huku Pauline Kea wa Kigogo, Assumpta Matei wa Chozi la Heri, Clara Momanyi wa Nguu za Jadi na Timothy Arege wa Bembea ya Maisha ni waandishi wa hapa kwetu, na vitabu vyao tunavijua kwa muktadha wa dondoo tu. Nani kati yetu amewahi kuvisoma bila kalamu mkononi?

Basi nilileta pendekezo, na halikupendwa na wote. Kikao kijacho tunasoma Kidagaa upya, wote wanane. Hakuna mwongozo. Anayetaka kununua anunue dukani, asiyeweza aazime yangu. Nimeiwekea jalada la gazeti kama zamani. Beshte yangu aliyecheka amekubali kwa sharti moja, kwamba asiulizwe sifa za Majisifu. Nimemwambia hatutazihesabu.

Ile nakala ya zamani bado ninayo. Nilifikiria kuitupa, nikaona hapana. Nimekwisha kulinganisha zile kurasa zilizokosekana na za nakala halali, nikazisoma kwa mara ya kwanza, miaka yote hii baada ya kupewa alama zake. Wikendi iliyopita nilikwenda nyumbani, nikamwambia mama kuhusu zile mia tatu. Alicheka sana. Kisha akaniuliza kitabu kinahusu nini, swali ambalo hakuwahi kuniuliza nilipokuwa shule, na nikaanza kumsimulia tangu Amani anaingia Sokomoko.