Kasi Iliyolala Ndani ya Chipu

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipoingia sokoni mwaka 2012, modeli B ikiuzwa dola 35, ilikuwa na uwezo ambao programu zake hazikuutumia. Prosesa yake ya ARMv6 ilikuwa na sehemu maalumu ya kukokotoa namba za desimali. Lakini toleo la mfumo wa uendeshaji wa Debian lililoweza kuendeshwa juu yake lilikuwa limeandaliwa kwa chipu zisizo na sehemu hiyo, hivyo kila hesabu ya desimali ilipitia njia ndefu ya amri nyingi za kawaida. Toleo lingine liliitumia sehemu hiyo vizuri, ila lilidai ARMv7, kizazi kilichofuata.

Mike Thompson na Peter Green hawakungoja chipu mpya. Walichukua msimbo wa Debian, wakabadili mipangilio ya kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, kisha wakajenga upya maelfu ya vifurushi. Ndivyo Raspbian ilivyozaliwa, na mashine ile ile ya bei nafuu ikaanza kukokotoa kwa kasi iliyokuwemo ndani yake tangu ilipotoka kiwandani.

Ufundi huu wa kuchagua mipangilio ya kompaila unastahili sifa nyingi kuliko unazopewa, kwa kuwa unadai kuijua mashine iliyopo mezani, si kompyuta kwa ujumla.

Katika kompaila ya GCC, anayeanza huvutiwa na ngazi ya uboreshaji ya -O3 kwa kuwa namba yake ni kubwa. Fundi huuliza kwanza itagharimu nini. Ngazi hiyo hupanua mizunguko na kunakili vipande vya msimbo, programu ikanenepa. Na kumbukumbu ya karibu inayohifadhi amri ndani ya prosesa mara nyingi ni kilobaiti 32 tu kwa kila kiini. Ikifurika, prosesa hukaa ikisubiri amri ziletwe kutoka mbali. Ndiyo maana haishangazi kwamba kerneli ya Linux, inayoendesha seva na simu duniani kote, kwa kawaida hujengwa kwa -O2, ngazi iliyo chini yake.

Chaguo la -march=native huiambia kompaila itumie kila amri ambayo prosesa iliyopo inaifahamu. Kwenye chipu za Intel za Haswell, za mwaka 2013, hilo huleta seti ya amri ya AVX2, na amri moja ikaweza kujumlisha namba nane za biti 32 kwa pamoja. Programu hiyo ikihamishiwa kwenye mashine ya zamani huanguka mara inapofika kwenye amri isiyojulikana huko.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoangusha kitu. Mwaka 1965 William Kahan alichapisha mbinu ya kujumlisha namba nyingi huku ikiweka pembeni kila chembe inayopotea katika kukadiria. Kwa aljebra ya darasani chembe hiyo ni sifuri. Ndani ya prosesa si sifuri hata kidogo. Chaguo la -ffast-math huiruhusu kompaila ifuate aljebra ya darasani, nayo inaweza kuifuta kazi yote ya Kahan. Programu huenda mbio, jibu likaharibika kimya kimya.

Kwa hiyo kupima ndiyo nusu ya ufundi, tena nusu ngumu. Mwaka 2009 Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kuwa kubadili tu ukubwa wa vigeu vya mazingira, vitu visivyohusiana na hesabu yenyewe, kunaweza kugeuza uamuzi kama -O3 inasaidia au inadhuru. Miaka minne baadaye Charlie Curtsinger na Emery Berger walichanganya kwa nasibu mpangilio wa programu katika kumbukumbu, wakapima tena na tena, wakakuta faida ya -O3 juu ya -O2 haitofautishiki na kelele za vipimo.

Njia mojawapo ya mafundi ni kuiacha programu ijieleze. Anayejenga programu ya lugha ya Python kwa chaguo la --enable-optimizations husubiri kwa muda mrefu zaidi: inajengwa mara ya kwanza, inaendeshwa kwa majaribio yake yenyewe huku njia zinazopitwa sana zikirekodiwa, kisha inajengwa tena kwa kufuata rekodi hiyo.