Laka ya China katika Makabati ya Kifaransa

Katika karne ya 18 matajiri wa Paris walipenda kuweka vyumbani mwao makabati ya saraka yenye uso mweusi unaong'aa, uliopambwa kwa picha za majumba, madaraja na watu wa China, na kuzungushiwa shaba iliyotiwa dhahabu. Samani hizo leo ni fahari ya makumbusho, na husifiwa kuwa ni kilele cha ufundi wa Kifaransa. Sifa hiyo ni ya haki nusu tu, maana uso ule, ambao ndio kwanza huvuta jicho, haukutengenezwa Ufaransa.

Laka ni utomvu wa mti uotao Asia ya Mashariki. Fundi hupaka mpako mwembamba, akaungoja ukauke katika hewa yenye unyevu, akausugua, kisha akapaka tena, mara nyingi mno. Huko Paris ndugu wa ukoo wa Martin walijipatia jina kwa vanishi ya kuiga tu. Basi wafanyabiashara wakanunua visitiri vya Kichina, yaani mbao ndefu zilizoungwa kwa bawaba, aghalabu 12, vilivyopewa jina la Coromandel, pwani ya Uhindi vilikopitia.

Seremala alipasua ubao katikati ya unene wake, akautenga uso na mgongo, akapiga randa kwa nyuma hata ukabaki mwembamba, ndipo akaubandika juu ya kabati lenye tumbo. Kulikunja gamba hilo lisipasuke si kazi ya mwanagenzi, na kwa hilo mafundi wale wastahili heko. Miongoni mwao ni yule aliyepiga muhuri wa herufi BVRB. Kabati lake la laka ya Kijapani, lililopelekwa Fontainebleau mwaka 1737 kwa ajili ya Malkia Marie Leszczyńska, limo Louvre.

Lakini tuitazame picha yenyewe. Katika kisitiri, tukio moja hupita mbao zote: wageni hufika langoni, huvuka ua, humkuta mwenye karamu amekaa katikati. Katika kabati, wageni hao huishia kwenye tundu la ufunguo, na mwenye karamu hayupo. Shaba hufunika maungio, nayo kwa kweli hupendeza. Hata hivyo hufunika jeraha. Ni sawa na mtu aliyeupata utenzi mrefu, akachopoa beti chache zenye vina vitamu, akazipachika katika wimbo wake.

Wazee wetu wa pwani nao walipamba kwa vitu vya China. Pale Kunduchi walipachika bakuli za kauri katika makaburi. Hakuna aliyekula tena katika bakuli zile, ni kweli, lakini zilipachikwa zikiwa bakuli, na ua lililochorwa ndani yake lilionekana zima.

Liko pia suala la majina. Mwaka 1957 ilifahamika kwamba BVRB ni Bernard van Risenburgh, wa ukoo wenye asili ya Uholanzi, na wapenzi wa samani wakafurahi. Sasa, baadhi ya visitiri vya China vilikuwa zawadi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya mtu mwenye heshima, na mgongoni viliandikwa kwa urefu jina lake, sifa zake na mwaka. Msumeno ulipopita kati ya uso na mgongo wa kisitiri cha namna hiyo, picha ilikwenda kwenye kabati, na maandishi yakaachana nayo.